Darasa Lililozaliwa na Deni: Hotuba kwa Ushirika wa Wanaume wa Kanisa la Methodisti, Ribe

Ndugu Mwenyekiti wa Ushirika wa Wanaume, wachungaji wetu, wasimamizi wa sakiti, wahubiri, mama zetu na dada zetu mliokuja kutuunga mkono, vijana, na ninyi nyote mliosafiri kutoka Jomvu, Mazeras, Mto Tana na hata Meru kuja hapa Ribe, nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumze juu ya urithi wa ushirika huu, na nimelipokea ombi hilo kwa uzito. Mgeni akituuliza urithi wa Methodisti wa pwani ni upi, wengi wetu humpeleka kwenye makaburi ya wamisionari, humwonyesha kanisa, kisha humtajia mwaka 1862. Hayo yote ni ya kweli na nitayagusa. Hata hivyo, urithi ambao mwanamume wa Kimethodisti anaweza kuushika na kuutumia kila juma haumo kaburini wala ukutani. Ni desturi ya mtu kumwendea mwenzake nyumbani, kumwuliza hali ya nafsi yake na ya nyumba yake, na kukubali kuulizwa yeye vilevile. Desturi hiyo ina mahali ilipozaliwa na ina watu walioibeba mpaka ikafika kwetu, nami naamini kwamba katika yote tuliyorithi, hiyo ndiyo tuliyoiacha ikalegea kuliko nyingine.

Niruhusuni nianzie mbali kidogo, katika mji wa bandari wa Bristol, huko Uingereza. Mwaka 1739 John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, alianza kuhubiri nje, uwanjani, karibu na mji huo, akiwaendea wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kingswood na maskini wengine ambao hawakuwa na nafasi katika makanisa ya wakati ule. Mwaka huohuo jamii iliyomfuata ikajijengea nyumba ya kukutania, iliyoitwa New Room, na kama inavyotokea hata kwetu, jengo likasimama na deni likabaki. Tarehe 15 Februari 1742 watu walikutana kushauriana namna ya kulilipa. Nahodha mmoja aitwaye Foy akasimama na kupendekeza kila mwanajamii atoe peni moja kwa juma. Mwingine akajibu kwamba wengi ni maskini na hata peni hiyo hawana. Ndipo Foy akasema maneno ambayo kwa maoni yangu yana haki ya kukumbukwa kuliko hotuba nyingi za maaskofu: alisema wampe yeye watu kumi na mmoja walio maskini zaidi, naye atawapitia kila juma, mwenye kitu atatoa, na asiye na kitu, yeye Foy atamlipia pamoja na kujilipia mwenyewe. Akawaomba wengine wenye uwezo wafanye hivyohivyo kwa majirani zao.

Tazameni jinsi jambo lilivyogeuka. Wale viongozi walianza kuzunguka wakikusanya peni, lakini mtu hawezi kuingia nyumba kumi na moja kila juma bila kuona yaliyomo. Waliona mgonjwa ambaye hakuna aliyejua kwamba anaumwa. Waliona mume aliyerudia ulevi, na watu waliokuwa na ugomvi ambao ibadani haukuonekana. Wakampasha Wesley habari, naye mara moja akatambua kwamba hilo ndilo lililokuwa limekosekana muda wote: njia ya kumjua kila mtu mmoja mmoja na kumtunza. Deni likawa mwanzo wa darasa, yaani kikundi kidogo cha watu chini ya kiongozi mmoja. Baadaye, kwa kuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kulikuwa na ugumu wake, hasa kwa watumishi waliokaa katika nyumba za mabwana zao, kila kikundi kikaanza kukutana mahali pamoja mara moja kwa juma. Lakini kiongozi hakuacha wajibu wa kujua habari za watu wake, na yule ambaye hakuonekana darasani alifuatwa.

Kabla ya madarasa hayo kulikuwa na vikundi vidogo zaidi, na kwetu sisi wanaume hivi vinatuhusu kwa karibu, maana vilipangwa wanaume peke yao na wanawake peke yao, waliooa mbali na wasiooa, ili mtu aseme bila kuficha. Kanuni zake ziliandikwa siku ya Krismasi ya mwaka 1738. Watu walikubaliana kukutana mara moja kwa juma, kufika kwa saa iliyowekwa, kuanza kwa wimbo au sala, kisha kila mmoja kwa zamu yake kueleza hali halisi ya nafsi yake, makosa aliyoyatenda na majaribu aliyoyapitia tangu walipoonana. Mtu kabla ya kupokelewa aliulizwa kama yuko tayari kuambiwa makosa yake, tena kuambiwa waziwazi. Msingi wao ulikuwa agizo la mtume Yakobo kwamba tuungamiane dhambi na kuombeana ili tuponywe. Nimezirudia kanuni hizo mara nyingi, na kila mara hunishangaza kwamba watu waliozitii hawakuwa watawa. Walikuwa na wake, watoto, madeni na kazi za mikono, wakipata riziki yao kwa jasho kama sisi.

Kwa haki lazima niseme pia kwamba madarasa hayakuwa mali ya wanaume. Wanawake walikuwa wengi katika jamii zile, na baadhi yao waliongoza madarasa. Hata uamuzi wa kuwaruhusu watu wasio wachungaji kuhubiri una mkono wa mwanamke ndani yake: kijana Thomas Maxfield alipoanza kuhubiri bila idhini, Wesley alirudi London akiwa na hasira, na mama yake, Susanna, ndiye aliyemshauri amsikilize kwanza kijana yule kabla ya kumnyamazisha. Alimsikiliza, akakubali. Kila mmoja wetu anayepanda mimbarini bila kuwekewa mikono ya uchungaji anasimama juu ya ushauri wa mama huyo.

Kutokana na watu hao wa kawaida waliojifunza kusema mbele ya wenzao, kuandika kumbukumbu na kutunza fedha za jamii, wakatoka watu wasioogopa wenye nguvu. Mwaka 1834 vibarua sita wa mashamba wa kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa kupelekwa uhamishoni Australia kwa sababu waliapa kiapo cha kuungana kutetea ujira wao. George Loveless, aliyewaongoza, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti asiye mchungaji, na wengi wa wenzake walikuwa Wamethodisti. Wananchi walipaza sauti hata serikali ikawasamehe. Sisemi kwamba kila tawi la ushirika wetu liwe chama cha wafanyakazi, lakini mtu aliyezoea kusema ukweli juu ya nafsi yake huwa hashindwi sana kusema ukweli juu ya ujira wa jirani yake.

Sasa tuje nyumbani. Kazi ya Ribe haikuanzishwa na wachungaji peke yao. Charles Cheetham wa Heywood, huko Lancashire, mlei wa Makanisa Huru ya Methodisti, alisoma maandishi ya mmisionari Ludwig Krapf kuhusu safari zake katika nchi hizi, moyo wake ukawaka, akamwandikia. Krapf alikuwa amekwisha kumzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa mwaka 1844 na afya yake ilikuwa imevunjika, lakini alikubali kurudi ili kuwaonyesha njia vijana wapya. Mwanzoni mwa mwaka 1862 alifika pwani pamoja na Thomas Wakefield na wenzao wengine watatu. Kabla mwaka haujaisha, maradhi na mambo mengine yalikuwa yamewaondoa wote isipokuwa Wakefield. Charles New alimfuata mwaka 1863. Edmund Butterworth alikuja mwaka 1864 na akafariki muda mfupi tu baada ya kufika. Mwaka 1873 Rebecca, mke wa Wakefield, alifariki hapa Ribe, na mtoto wake mchanga akaondoka pamoja naye. New, aliyefika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, alikufa mwaka 1875 akirudi kutoka Uchagani. Wakefield mwenyewe alikaa mpaka mwaka 1887, miaka 25.

Nawaheshimu watu hao, wala simruhusu mtu yeyote adharau makaburi yao. Lakini wamisionari wanne au watano wenye homa hawakuweza kuwa kanisa. Walioleta chakula, waliobeba mizigo, waliofundisha lugha, waliotafsiri, waliokaa darasani, wakaamini na kuwashawishi ndugu zao, ni wenyeji wa hapa na majirani zao wa Mijikenda, pamoja na watu waliotoroka utumwa. Hao wa mwisho nataka niwakalie kidogo.

Katika miaka ya 1870 na 1880 mashamba ya pwani yalilimwa kwa jasho la watumwa, na habari zikaenea kwamba katika vituo vya misheni mtu anaweza kupata hifadhi. Watoro wakaja Rabai kwa ndugu zetu wa Anglikana, wakaja Ribe, wakaja Jomvu. Kuwapokea kulikuwa jambo la hatari. Wenye watumwa walikuja kudai watu wao, na wakuu wa serikali ya Uingereza waliokuwa Zanzibar, ambao kwa maneno walipinga utumwa, waliwaonya wamisionari wasiwafiche watoro, maana walihofia vita na Waarabu wa Mombasa. Mwishowe George Mackenzie, aliyekuwa akiiwakilisha Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alikubali kuwalipa fidia waliodai kumiliki watu hao, na mwanzoni mwa mwaka 1889 zaidi ya watoro 1,400 katika vituo hivyo wakapewa hati za uhuru. Wao na watoto wao wakawa sehemu ya msingi wa makanisa yetu ya pwani.

Fikirini ushirika wa wanaume ulivyokuwa katika hali hiyo. Mmoja alitoka Uyao, mwingine Unyasa, mwingine Ugiriama, mwingine amezaliwa shambani asijue kwao ni wapi. Hakuna aliyekuwa na ukoo wa kumlipia mahari, wala mjomba wa kumsimamia katika shauri, wala wazee wa kumzika. Ndugu wa darasani ndiye aliyekuwa ukoo wake. Alipougua, ndugu huyo ndiye aliyekuja, na alipooa, ndiye aliyesimama upande wake. Wesley, siku chache tu kabla ya kufa mwaka 1791, alimwandikia mbunge William Wilberforce barua ya kumtia moyo aendelee kupambana na biashara ya watumwa, na barua hiyo tunaitaja mara kwa mara katika mafundisho yetu. Ni vema. Lakini jibu la barua hiyo liliandikwa hapa, kwa maisha ya watu ambao majina ya wengi wao hayakusomwa katika mkutano wowote wa heshima.

Tena tusisahau kwamba hata miongoni mwa watumishi waliotumwa, hawakuwa Waingereza tu. W. H. During, Mwafrika kutoka Sierra Leone, alihudumu huku pwani katika miaka ya 1880. Kule Golbanti, kando ya Mto Tana, mchungaji John Houghton na mkewe waliuawa katika uvamizi mwaka 1886 pamoja na waumini waliokuwa nao, na kazi ile haikufa.

Habari za Meru nazipitia kwa haraka, maana wapo hapa wanaozijua kuliko mimi. Kazi ilianza Kaaga mwaka 1912, hospitali ya Maua ina mizizi katika mwaka 1928, na Philip M'Inoti, Mmeru wa kwanza kuwekewa mikono kuwa mchungaji wa Methodisti, alishiriki kuwapa watu wake Maandiko katika Kimeru. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti nchini Kenya likajitegemea, na mchungaji Ronald Mng'ong'o akawa Rais wa kwanza wa Konferensi yake. Askofu Lawi Imathiu, aliyemfuata, alifika mpaka kuwa mwenyekiti wa Baraza la Methodisti Duniani kuanzia mwaka 1986.

Ndugu zangu, nimeyasema hayo ili tuweze kujiangalia. Ushirika huu unafanya mambo mengi mema. Msiba ukitokea, wanaume wetu hufika, huchimba, hubeba, huchanga. Kanisa likihitaji mabati, ni sisi. Mchungaji akihamishwa, gari la kubebea vyombo tunalitafuta sisi. Watoto wengi wamemaliza shule kwa michango yetu, na hakuna atakayesimama hapa aseme kwamba hayo si kitu.

Hata hivyo nimekaa katika mikutano ya matawi kadhaa na kusikiliza kumbukumbu zikisomwa, na karibu kila ukurasa ni fedha: nani ametoa, nani hajatoa, sare itagharimu kiasi gani, harambee ni lini. Sipingi sare. Wenzetu wa Afrika Kusini, wanaume wa Young Men's Guild, wanajulikana kila mahali kwa vizibao vyao vyekundu na kwa nyimbo zao, na mtu aliyevaa kizibao hicho anajua kwamba watu wanamtazama anavyoishi. Wala sipingi fedha, kwa maana nimetangulia kusema kwamba darasa lenyewe lilizaliwa na deni. Ninachopinga ni kuchukua nusu ya shauri la Foy na kuiacha nusu nyingine. Yeye aliomba apewe wale maskini zaidi, aliwaendea kwao, na asiye na kitu alimlipia. Sisi, ndugu yetu akishindwa kutoa mchango miezi mitatu, jina lake husomwa, naye huona haya, huacha kuja, na mwaka mmoja baadaye tunaambiana kwamba amepoa kiroho. Hakuna aliyekwenda kugonga mlango wake. Hapo ndipo urithi wetu ulipokatika, ndugu zangu, na inaniuma kusema hivyo nikiwa Ribe.

Mtu wa namna hiyo anakaa na nini nyumbani mwake? Wengi wenu mnajua. Kuna mikopo ya simu inayochukuliwa asubuhi ili kulipa mkopo wa jana. Kuna kamari ya mechi, ambayo imewala vijana wetu na baba zao pia, tena kimyakimya, maana haina harufu kama mnazi. Kuna baba aliyefutwa kazi bandarini au hotelini na bado anatoka nyumbani kila asubuhi akiwa amevaa ili mkewe asijue. Kuna mzee anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, anayeogopa kwenda kupimwa tezi dume, na hatamwambia mtu mpaka siku ya kulazwa. Kuna ndugu wawili wasiosalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba la urithi, na wote wawili hushiriki Meza ya Bwana. Mwanamume wa kwetu amefundishwa kwamba kulalamika ni udhaifu, kwa hiyo hatasema mkutanoni. Atasema, kama atasema, kwa mtu mmoja au wachache anaowaamini, waliokwisha kumwambia habari zao wenyewe.

Juu ya mikopo, natamani viongozi wetu wajue jambo hili. Mwaka 1746 Wesley alikusanya fedha kidogo London na kuanzisha mfuko wa kuwakopesha maskini wa jamii yake. Mtu alikopeshwa kiasi kisichozidi shilingi 20 za wakati ule, akalirudisha deni kidogo kidogo kila juma ndani ya miezi mitatu. Wengi walitumia fedha hiyo kununua vifaa au bidhaa za kuanzia biashara ndogo. Vyama vyetu vya kuweka na kukopa vinafanana sana na mpango huo, na kama tawi litakuwa na chama kinachoendeshwa kwa uaminifu, na mkopaji akitembelewa na watu wanaomjua, ndugu yetu hatahitaji kuikimbilia mikopo ya simu usiku wa manane.

Lipo pia jambo linalotugusa sisi wa pwani na ndugu zetu wa Meru kwa pamoja, nami nalitaja kwa upendo. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, na shauri likafika mahakamani, na maneno makali yakatupwa kutoka kila upande. Ndani ya kanisa letu wapo akina baba wa Igembe, huko Meru, waliowasomesha watoto wao kwa miraa, na wapo akina mama wa huku ambao vijana wao wa kiume wamekaa vibarazani wakitafuna mchana kutwa bila kazi. Wanasiasa walizungumza, wafanyabiashara wakazungumza. Ushirika wa wanaume, ambao una mkulima na baba wa yule kijana katika familia moja, una nafasi ambayo hakuna kaunti iliyo nayo. Naomba wajumbe wa pwani na wa Meru mkae pamoja bila magazeti, bila wapiga kura, mwelezane hali halisi ya nyumba zenu. Sijui mtafika wapi. Najua tu kwamba kanuni ya mwaka 1738 ilitungwa kwa ajili ya mazungumzo ya namna hiyo.

Kuhusu wavulana wetu, nina neno. Mababu zetu wa Mijikenda waliwalea vijana wa kiume kwa rika, chini ya macho ya wazee wa kaya. Na msitu wa Kaya Ribe, ulio karibu na hapa tulipo, umehesabiwa tangu mwaka 2008 pamoja na misitu mingine ya kaya kuwa urithi wa dunia. Ndugu zetu wa Meru nao wana mpango wao wa kale wa jando na wazee wa kumfunda kijana. Kanisa liliingia katika mambo hayo, likabadilisha mengi, mengine kwa haki kabisa. Lakini mahali pengi tuliondoa mwalimu wa kijana bila kumweka mwingine. Siku hizi baadhi ya makanisa hukusanya wavulana wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka, wakatahiriwa hospitalini na kufundishwa na wanaume wa kanisa juu ya mwili, kazi, heshima kwa wanawake, na Mungu. Nalipongeza jambo hilo kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba mafundisho yasiishie siku kijana anapopona. Kila kijana apewe mwanamume mmoja wa ushirika huu, asiye baba yake, atakayemtembelea walau mara moja kwa mwezi mpaka atakapomaliza shule, na habari zake ziulizwe tunapokutana, kama tunavyouliza habari za mchango.

Niseme pia juu ya kumbukumbu zetu. Barua za wamisionari wa Ribe na Jomvu, ripoti zao na picha zao, sehemu kubwa imehifadhiwa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, pamoja na nyaraka nyingine za misheni za Kimethodisti. Zimetunzwa vizuri, na ninashukuru. Lakini zimeandikwa na wageni, kwa ajili ya wageni wenzao waliokuwa wakichangia fedha, na ndani yake babu zetu huonekana kwa mbali, mara kwa jina la ubatizo, mara bila jina. Kwetu tuna vitabu vya ubatizo na vya ndoa, vingine vimeliwa na mchwa. Tuna wazee waliosikia kutoka kwa nyanya zao nani alikuja Ribe akiwa mtoro, nani alimficha, nani alikuwa kiongozi wa darasa la kwanza Jomvu. Wazee hao wanaondoka. Simu ambazo vijana wetu wanacheza nazo kamari zinaweza kurekodi sauti ya mzee kwa saa nzima bila gharama. Kila tawi lichague vijana wawili na mzee mmoja, waanze na walio na umri mkubwa zaidi, waandike majina, ukoo, mahali alipotoka mtu, darasa alilokuwamo na nani aliyemwongoza kwa Kristo. Nakala moja ibaki kwenye tawi, nyingine iende ofisi ya Sinodi. Na vitabu vya ubatizo vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya mvua za masika.

Sasa nataja pendekezo langu, Ndugu Mwenyekiti, kisha nikupishe. Matawi yetu yagawanywe upya katika vikundi vya watu kumi na wawili, kwa ujirani, si kwa umri wala kwa cheo, ili mwalimu mkuu na mwendesha bodaboda wa mtaa mmoja wawe kikundi kimoja. Vikundi vikutane kila juma nyumbani kwa mmoja wao, kwa saa moja isiyozidi, na chakula kisiandaliwe, ili asiye na kitu asione haya kuwakaribisha wenzake. Mchango ukusanywe hapo, na asiye nao alipiwe na kikundi bila jina lake kusomwa popote. Asiyefika afuatwe kabla ya Jumapili. Yatakayosemwa humo yabaki humo, na atakayeyatoa nje aulizwe na mchungaji.

Kanuni ile ya mwaka 1738 ilitaka mmoja miongoni mwao aanze kueleza hali yake mwenyewe, kisha ndipo awaulize wengine. Kwa hiyo kikundi cha kwanza kiwe cha viongozi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wasimamizi na sisi wahubiri. Mchungaji wetu ameturuhusu kukitumia chumba cha nyuma ya kanisa baada ya ibada ya jioni ya leo. Viti kumi na viwili vimekwisha kupangwa, nami nimeomba nianze.